Maswali ya Wasomaji: Kadi Zinafanana, Chipu Hazifanani

Swali: Nasimamia nyumba za kupangisha Mombasa, na geti letu hufunguliwa kwa kadi. Nimeagiza kadi nyeupe 50, sura moja na zile za zamani, lakini kisomaji hakitoi hata mlio. Je, nimeuziwa kadi mbovu?

Jibu: Yaelekea kadi ni nzima, ila masafa ya mawimbi yake ya redio hayalingani na ya kisomaji. Kadi za milangoni ziko makundi mawili makubwa: za kilohezi 125 (chipu za EM4100, TK4100, T5577) na za megahezi 13.56 (ukoo wa MIFARE na NTAG). Kisomaji cha kundi moja hakioni kadi za kundi la pili, isipokuwa kimetengenezwa kusoma yote mawili.

Zima taa, kisha mulika kadi kwa nyuma kwa tochi ya simu. Duara la waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, aghalabu ni kilohezi 125. Mistari michache inayofuata kingo za kadi ni 13.56. Simu yenye NFC (uwezo wa kusoma kadi kwa kugusisha) ikiitambua kadi, basi hiyo ni 13.56 bila shaka.

Kama za zamani ni za 125, tazama namba zilizochapwa juu yake. Mfano 0009876543 150,46143: hiyo ni namba moja iliyoandikwa kwa njia mbili (150 × 65,536 + 46,143 = 9,876,543). TK4100 hutoka kiwandani na namba yake na haibadiliki. T5577 unaiandika namba unayotaka. Kwa hiyo mpangaji akipoteza kadi, futa namba ile kwenye mfumo na umpe mpya, usimrudufie ileile. Na ujue kwamba EM4100 humtajia namba yake yeyote anayeuliza. Kwa geti lenye mlinzi inatosha. Kwa chumba cha fedha, hapana.

Swali: Shule yetu ya bweni inataka kadi za kantini. Fundi amependekeza MIFARE Classic 1K, salio likae ndani ya kadi ili mfumo ufanye kazi hata mtandao ukikatika. Bei yake ni nafuu. Mnashauri nini?

Jibu: Msikubali salio likae kwenye chipu hiyo. Usimbaji wake, Crypto1, ulivunjwa hadharani mwaka 2008, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud nchini Uholanzi walipoonyesha jinsi ya kuzipata funguo zake. Kadi nyingi za bei ya chini hata si za NXP, kampuni yenye MIFARE, ni chipu za kampuni nyingine zinazolingana nayo; mwaka 2024 ikabainika kwamba mojawapo, FM11RF08S ya Fudan, ina ufunguo wa siri wa kiwandani. Mwanafunzi mjanja hahitaji hata kuelewa salio limeandikwaje. Anapakua kumbukumbu ya kadi salio likiwa limejaa, anakula wiki nzima, kisha anairudishia kumbukumbu ile ya mwanzo. Akikuta mafundi wameacha ufunguo wa kiwandani, FFFFFFFFFFFF, kazi hiyo anaimaliza kwa simu ya Android inayosoma MIFARE Classic.

Kuna njia mbili. Ya kwanza, salio likae kwenye seva na kadi imtambulishe mwanafunzi tu. Kompyuta ndogo ya kantini inaweza kuwa ndiyo seva, kwa hiyo intaneti ikikatika chakula hakisimami. Weka picha ya mwanafunzi ijitokeze kwenye kioo, maana kadi bado inaweza kurudufiwa. Ya pili, kama lazima salio liwe kwenye kadi, nunueni kadi za MIFARE DESFire EV2 au EV3. Inatumia usimbaji wa AES wa biti 128, na ina faili maalumu la thamani: makato hayakamiliki mpaka muamala uthibitishwe, hivyo kadi ikivutwa katikati salio halivurugiki.

Hapo kuna mtego mmoja. Visomaji vingi vya bei rahisi vikikutana na DESFire husoma namba ya utambulisho, yaani UID, peke yake, bila kugusa ufunguo. Hiyo ni kununua kufuli zuri na kuuacha mlango wazi, kwa sababu UID inaigika kwenye kadi nyingine. Mwambieni fundi aonyeshe kisomaji kikikataa DESFire ambayo haijaandikwa funguo zenu. Tena UID ya DESFire ina baiti 7, wakati Wiegand 26, njia ambayo visomaji vingi hutumia kupeleka namba kwenye mfumo, hubeba baiti 3 tu; zilizobaki hukatwa, na kadi mbili tofauti zinaweza kusomeka kama moja.

Ikiwa tayari mna Classic na mnabadilisha funguo, jaribuni kwanza kwenye kadi mbili tatu. Kumbukumbu ya kadi imegawanywa sekta, na kila sekta imegawanywa bloku; bloku ya mwisho ya kila sekta hubeba ufunguo A, biti za ruhusa na ufunguo B. Biti za ruhusa (kiwandani FF 07 80) huandikwa mara mbili, moja ikiwa kinyume cha nyingine. Zikikosa kulingana, sekta hiyo hufungwa kabisa, isifunguke tena.

Swali: Nataka kadi ya biashara ambayo mteja akiigusisha na simu anapata namba zangu. NTAG213 inatosha?

Jibu: Kwa kiungo cha tovuti, ndiyo: ina baiti 144 za kuandikia. Kwa jina, simu, barua pepe na anwani chukua NTAG215 yenye 504. Picha isahau. Usifunge kadi isiandikwe tena kabla ya kuijaribu kwenye Android na iPhone, kwa kuwa kufuli hilo halifunguki.

Swali: Lebo za UHF (zinazosomwa kwa redio kutoka mbali) tulizobandika kwenye katoni za maji ya chupa hazisomeki zikiwa zimepangwa. Kwa nini?

Jibu: Maji hunyonya mawimbi ya UHF. Hamishieni lebo kwenye paleti, upande unaotazama kisomaji, na msome paleti badala ya katoni. Kisomaji nacho kikaguliwe: Ulaya hutumia megahezi 865–868, Marekani 902–928. Ulizeni mamlaka ya mawasiliano, TCRA kwa Tanzania au CA kwa Kenya, masafa yanayoruhusiwa kabla ya kuagiza.

Swali: Kadi zetu za 13.56 zimekufa tangu tuzitoboe tundu la kamba.

Jibu: Mmekata antena, nayo hupita kandokando ya kadi. Hazitengenezeki. Agizeni zilizotobolewa kiwandani, au mzitie kwenye vifuko vya plastiki.