Usimwachishe ushangiliaji bado

Dada, umeuliza kama umtoe binti yako kwenye kikundi cha ushangiliaji kwa sababu alama za hesabu zimeshuka. Usimtoe bado, tafadhali. Pengine hicho ndicho kinachomwamsha kwenda shule. Angalia usingizi kwanza. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kwa siku, wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Mtoto wangu alikuwa akipaka rangi mabango ya kushangilia hadi usiku wa manane, asubuhi analalia daftari, vidole bado vya bluu. Tukakubaliana: hesabu dakika 30, ndipo ashike brashi. Na mwone mwalimu mlezi wa kikundi mapema, kabla ya wiki ya mitihani, umwombe apunguze mazoezi.