Hati ina jina lake, pesa ni zangu

Kwako Shangazi, hujambo? Nauza omena sokoni Kibuye. Nimeishi na baba watoto wangu hapa Nyalenda miaka tisa, tuna watoto wawili, mahari hajaleta. Mwaka wa 2019 tulinunua ploti Mamboleo. Nilitoa shilingi 180,000 za chama na za biashara, lakini hati ina jina lake pekee. Sasa nasikia anawaonyesha watu ile ploti. Nikimuuliza ananijibu, "Kwani wewe ni nani wangu?" Dada zangu wanasema nimbane alete ng'ombe kwanza. Nifanyeje? Ana mke Siaya, walifunga ndoa kanisani, ila hawaishi pamoja siku nyingi.
Mama Wawili, Kisumu

Mama Wawili, hilo la Siaya umelitupia mwishoni kama chumvi iliyosahaulika, na ndilo ningeanza nalo. Ndoa ya kanisani ni ya mke mmoja, na haivunjiki kwa sababu watu wametengana. Maadamu wote wawili wako hai, ni mahakama tu inayoivunja. Kwa hivyo hata akileta ng'ombe kumi kesho, Sheria ya Ndoa ya 2014 haimruhusu kuoa mwingine. Waambie dada zako wawaache ng'ombe wapumzike.

Najua watu mtaani husema ukikaa na mtu miezi sita mmeshaoana. Kenya hatuna sheria kama hiyo. Mahakama yaweza kuwachukulia waliokaa pamoja kuwa mume na mke, lakini Mahakama ya Juu ilieleza katika kesi moja Januari 2023 kwamba hilo lifanywe kwa nadra, na kwamba wote wawili lazima wawe huru kuoana. Mwanamume wako si huru.

Sasa sikiliza, maana kesi hiyo hiyo ndiyo inayokufaa. Wawili walikaa pamoja miaka mingi, kisha wakagombania ploti huko Nairobi. Hati ilikuwa kwa jina la mwanamke, na mwanamke ndiye aliyekuwa na ndoa ya awali isiyovunjwa. Majaji walikataa kuwaita mume na mke, lakini wakampa mwanamume asilimia 30 ya mali kwa sababu alikuwa amechangia. Umeona? Huhitaji kuwa mke wake ili udai chako. Unahitaji kuonyesha pesa yako iliingia wapi.

Basi leo jioni, watoto wakilala, toa kila karatasi. Daftari la chama lenye tarehe uliyopokea zamu yako, hata kama linanuka omena. Taarifa ya M-Pesa ya 2019. Meseji za wakati ule, hasa zile alizokuomba pesa ya sorveya au ya wakili. Kama aliyewauzia alikuona ukihesabu noti, mtafute, huyo ni shahidi. Zipige picha zote, umtumie dada yako mmoja, yule asiyeropoka.

Kisha nenda kwenye ofisi ya ardhi uulizie kuweka pingamizi, wenyewe wanaliita kaushoni, ili ploti isihamishwe jina kimyakimya. Huwezi kutegemea ile idhini ambayo mke wa ndoa hutakiwa kuitoa kabla ya mali kuuzwa. Mgao wenyewe utaamuliwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na hapo utahitaji wakili. FIDA, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi Kisumu na huwasaidia wanawake wasio na uwezo. Ujue pia kwamba yule wa Siaya anaweza kujitokeza kudai, na sitamlaumu.

Watoto wasikunyime usingizi. Kifungu cha 53 cha Katiba kinawapa haki ya kutunzwa na baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au la. Akiacha kuwalisha, mahakama ya watoto itamwita.

Ila usimgombeze bado. Akishajua unatafuta karatasi, atauza kabla hujafika ofisini.