Maswali ya Wasomaji: Bustani, Chungwa na Minueti ya Zamani katika Muziki wa Caroline Shaw

Tangu safu hii ilipomtaja Caroline Shaw, mtunzi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1982, tumepokea maswali mengi kuhusu muziki wake wa chemba, yaani muziki ulioandikwa kwa ajili ya wapigaji wachache, ambao kila mmoja wao ana sehemu yake mwenyewe na hakuna anayesimama mbele kuwaongoza kwa fimbo. Wengi wenu mnamfahamu kwa kazi yake ya sauti nane iliyompatia Tuzo ya Pulitzer mwaka 2013, alipokuwa na umri wa miaka 30, na hivyo kumfanya mtunzi mdogo kuliko wote waliowahi kuipata tuzo hiyo ya muziki. Leo tunaiweka kazi hiyo kando na kujibu maswali manne kuhusu vipande alivyoviandikia kwateti ya nyuzi, ambayo ina fidla mbili, viola moja na selo moja.

SWALI: Mimi ni mwimbaji wa kwaya. Nimesikiliza kipande kiitwacho Entr'acte mara tatu. Mwanzoni vyombo vinasikika kama watu wanaovuta pumzi, kisha nota zinatoweka na kubaki mkwaruzo mwepesi kama wa karatasi. Je, hiyo ni kasoro ya kurekodi? Na kipande chenyewe kinasimulia kisa gani?

JIBU: Hiyo si kasoro, na masikio yako yamefanya kazi yake vizuri. Mahali unapopataja, wapigaji wanaendelea kuvuta upinde kama kawaida, lakini vidole vya mkono wa kushoto vinazigusa nyuzi bila kuzibana sawasawa, hivyo nota inakufa na upepo wa upinde unabaki. Mtunzi ameyaandika hayo kwa makusudi, na ili kuelewa sababu yake hatuna budi kurudi nyuma zaidi ya karne mbili.

Mwaka 2011 Shaw aliwasikia Brentano Quartet wakipiga kwateti ya Joseph Haydn, mtunzi wa Austria, katika ngazi ya F meja, iliyo ya pili katika Opus 77 (yaani kazi zake zilizochapishwa kwa namba 77), ambayo Haydn aliiandika mwaka 1799 akiwa na umri wa miaka 67. Sehemu ya pili ya kwateti hiyo ni minueti. Minueti ni dansi ya mapigo matatu, na kwa desturi huwa na mpangilio usiobadilika: dansi yenyewe, kisha sehemu ya kati iitwayo trio, kisha dansi inarudiwa. Haydn anaanza kwa kasi na kwa uchangamfu, akiyachezea mapigo hata msikilizaji akashindwa kujua la kwanza ni lipi. Halafu, inapofika trio, muziki unatulia na kuhamia ngazi nyingine, D-flati meja. Wewe unayeimba kwa sol-fa utaelewa uzito wa jambo hili haraka kuliko wasomaji wengine, kwa maana ni sawa na kuambiwa katikati ya wimbo kwamba do, iliyokuwa F, sasa imeshuka kwa hatua mbili nzima, na kwamba kila ulichokuwa umekizoea kimepata rangi nyingine. Shaw amelinganisha mageuzi ya namna hiyo na kupita upande wa pili wa kioo kama Alice wa hadithini.

Kwa hiyo Entr'acte hakisimulii kisa. Kinachukua mpangilio wa minueti na trio, pamoja na ule mshangao wa kuhama, na kuvisogeza mbali kuliko Haydn angeweza kuvisogeza katika zama zake. Ile mihemo ya mwanzo, sauti nne zikishuka pamoja na kunyamaza kisha zikishuka tena, ndiyo dansi. Sehemu ya kati, ambako upinde unawekwa kando na nyuzi zinadonolewa kwa vidole, ndiyo trio. Mimi naamini kwamba ule mkwaruzo uliokutia wasiwasi ndio kioo chenyewe, mahali ambapo muziki hauko tena upande huu wala haujafika upande wa pili. Halafu zingatia mwisho wake: fidla na viola zinanyamaza, selo inabaki peke yake ikidonoa mafungu ya nota, na maelekezo ya mtunzi yanamtaka mpigaji apige kama mtu anayekumbuka vipande vya wimbo au hadithi ya zamani. Nimeusikiliza mwisho huo mara nyingi na bado sijauzoea. Nakushauri uisikilize kwanza minueti ya Haydn, kisha urudi kwenye Entr'acte siku hiyo hiyo.

SWALI: Nimesoma kwamba Shaw ameandika kwateti kuhusu bustani. Bustani haina sauti, isipokuwa ya ndege na majani. Inawezekanaje kuigeuza kuwa muziki bila kuiga ndege?

JIBU: Kazi unayoizungumzia inaitwa Plan & Elevation, iliyoandikwa mwaka 2015. Bustani yake iko Dumbarton Oaks, nyumba iliyo katika mji wa Washington ambayo sasa ni taasisi ya utafiti, na ilianza kusanifiwa mwaka 1921 na Beatrix Farrand, mmoja wa wasanifu wa bustani walioheshimika sana Marekani. Wenye nyumba hiyo, Robert Woods Bliss na mkewe Mildred, walipenda muziki kwa dhati. Ni wao waliomwagiza mtunzi Igor Stravinsky kazi ya kuadhimisha miaka 30 ya ndoa yao, na ikapigwa nyumbani humo mwaka 1938, miaka miwili kabla ya nyumba na bustani kukabidhiwa Chuo Kikuu cha Harvard. Shaw alikuwa mwanamuziki wa kwanza kukaribishwa na taasisi hiyo kukaa na kutunga.

Jibu la swali lako limo katika jina la kazi. Msanifu majengo huchora jengo kwa namna mbili: mchoro wa kulitazama kutoka juu, unaoonyesha mpangilio wake ardhini, na mchoro wa kulitazama kutoka mbele, unaoonyesha kimo chake. Shaw hakuuliza bustani inatoa sauti gani, bali aliuliza imepangwaje. Tena lugha yake ilimpa zawadi, kwa kuwa neno la Kiingereza linalotaja viwanja vya bustani, ground, ndilo pia linalotaja besi inayojirudia chini ya wimbo huku sauti za juu zikibadilika. Basi kila moja ya sehemu tano za kazi hii imejengwa juu ya besi yake rahisi, kama vile kila kona ya bustani ilivyo na udongo wake.

Sehemu ya kwanza, The Ellipse, inatokana na njia ya mawe yenye umbo la yai ambayo mtunzi alikuwa akiizunguka ili kuituliza akili yake wakati wa kuandika, na muziki wake unazunguka vivyo hivyo. Sehemu ya pili, The Cutting Garden, ndiyo inayonivutia kuliko zote kwa ujasiri wake. Hapo ni mahali panapooteshwa maua ya aina nyingi ili yakatwe na kupambia nyumba, na Shaw amefanya jambo lile lile kwa kwateti: amekata vipande kutoka kwa Ravel, kutoka kwa Mozart na kutoka kwa kazi zake mwenyewe, ikiwemo Entr'acte, akavifunga pamoja kama shada. Hapana ndege anayeigwa hapo; kinachoigwa ni tendo la mtunza bustani. Sehemu ya tatu inaanza kwa unyoofu wa bustani rasmi za Kifaransa na kuishia katika vurugu. Ya nne, inayohusu vivuli vilivyovunjikavunjika ndani ya chumba cha kioo, hunipita upesi mno na sijaipenda kama nyingine. Ya mwisho ni The Beech Tree, mti mmoja wa kale ambao mtunzi amesema ndio mahali alipopapenda kuliko pote bustanini. Muziki wake ni wa utulivu, na unastahili kusikilizwa bila maelezo yangu.

SWALI: Je, ni kweli kwamba ameandika pia kipande kuhusu chungwa?

JIBU: Ni kweli. Kinaitwa Valencia, cha mwaka 2012, na kilichomvutia ni muundo wa tunda lenyewe: vile vifuko vingi vidogo vya maji, vyembamba ajabu, vilivyobanana ndani ya ganda vikiwa tayari kupasuka. Wapigaji wanaugusa uzi kwa kidole bila kuubana hadi chini, na hivyo kutoa sauti za juu nyepesi kama za filimbi, nyingi kwa pamoja, hata kwateti nzima ikasikika kama kitu kinachong'aa. Ni kipande kifupi, na kwa msikilizaji ambaye hajawahi kusikia kwateti hata mara moja ningeanza nacho.

SWALI: Umesema anakata vipande vya Ravel na Mozart, na kwamba Entr'acte inatokana na Haydn. Mimi mwanafunzi wa utunzi nikifanya hivyo nitaambiwa nimeiba. Tofauti iko wapi?

JIBU: Swali lako ni la haki, na sitalijibu kwa kusema tu kwamba hao wamekufa zamani. Tofauti iko katika kile kinachochukuliwa. Katika Blueprint, ya mwaka 2016, Shaw alitumia kwateti ya Beethoven, ile ya sita katika Opus 18, lakini aliyoichukua kwanza ni mifupa yake, yaani mfuatano wa sauti zinazoshikilia wimbo, akaifanya kuwa ramani ya sakafu ya nyumba nyingine. Kipande hicho kiliandikwa kwa ajili ya Aizuri Quartet, ambao jina lao linatokana na picha za Kijapani zinazochapwa kwa wino wa buluu, na jina la kipande linacheza na maana mbili, kwa kuwa kwa Kiingereza blueprint ni ramani ya jengo, na maneno yanayoliunda yana maana ya chapa ya buluu.

Mfano ulio wazi zaidi ni Punctum, iliyoandikwa mwaka 2009 na kurekebishwa mwaka 2013. Jina hilo linatoka kwa Roland Barthes, mwandishi wa Ufaransa, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu upigaji picha alilitumia kwa kile kitu kidogo ndani ya picha kinachomchoma mtazamaji bila kutarajiwa. Barthes anaeleza kwa kirefu picha moja ya mama yake akiwa mtoto, aliyoipata baada ya kifo cha mama huyo, lakini msomaji haioni, kwa kuwa hakuichapa kitabuni. Kwa Shaw, kitu kinachochoma ni fungu moja tu la sauti katika Mateso ya Mtakatifu Mathayo, kazi kubwa ya kwaya na okestra ya Johann Sebastian Bach. Hatupatii fungu hilo moja kwa moja. Anaanza na vipande vyenye harufu ya muziki wa zamani, anavirudia nje ya mahali pake, anauvuruga mfuatano wa sauti hadi sikio linakosa pa kushika, na ni baada ya hapo tu ndipo anapouacha usikike wazi. Basi chukua, mwanafunzi, lakini kwanza jiulize ni sekunde ipi katika kazi ya mwenzako iliyokuchoma, kisha andika dakika kumi za kuitafuta.