Kukimbia si neno, neno ni kiti

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Mwandishi akiandamwa na watawala, akimbie au abaki?" Swali limenichoma, maana likizuka tu, lazima atokee mtu wa kumtaja Anna Seghers, mwandishi wa riwaya wa Kijerumani, kuwa ndiye mfano wa mkimbizi mwema.

Kukimbia alikimbia, wala hakuwa na hiari. Jina la kuzaliwa ni Netty Reiling wa Mainz, binti wa Kiyahudi wa mfanyabiashara wa vitu vya kale, mwanachama wa chama cha kikomunisti tangu 1928. Mwaka 1933 Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, walimkamata wakamwachia, vitabu vyake vikatiwa moto, akashika njia ya Uswisi hadi Paris. Mwaka 1940 majeshi ya Hitler yakamfuata hukohuko. Mumewe yuko kizuizini katika kambi ya Le Vernet, kusini mwa Ufaransa, yeye akaondoka na watoto wawili. Machi 1941 akapata meli Marseille, mwisho akatua Mexico. Angebaki angeuawa, na hapo sioni la kubishania.

Mimi nauliza la pili: akishapona, na wenzake wa chama wakashika nchi, anafanya nini?

Nilimjua kwa kulazimishwa. Miaka ya sabini nilikuwa Leipzig, mmoja wa vijana wa Kizanzibari waliopelekwa kusoma Ujerumani ya Mashariki, na kule riwaya yake Das siebte Kreuz, yaani Msalaba wa Saba, ilikuwa haikwepeki. Wafungwa saba wanatoroka kambi ya Wanazi, mkuu wa kambi anawaandalia misalaba saba, mmoja unabaki mtupu. Asubuhi moja ya baridi, darasa zima linanuka makaa ya mawe, tukafika pale Georg, mmoja wa watoro hao, aliyechanwa mkono na vigae vya chupa vya juu ya ukuta, anapoingia kwa daktari Myahudi. Daktari anamwambia kwanza kuwa yeye ni Myahudi, kisha anamtibu. Mwenzangu mmoja wa Wete akasema daktari huyo hana akili: naye anawindwa, angemfukuza tu. Wasichana wawili wa Kivietnam wakamjia juu. Tukabishana kwa Kijerumani kibovu, yule bwana akiishiwa maneno anamalizia kwa Kipemba. Mwalimu akamtaka asome upya kifungu chote kwa sauti. Akasoma, na penye kusafisha jeraha akakunja uso utadhani anaguswa yeye. Kauli hakubadili. Mchana, mbele ya viazi na kabichi, bado anasema: angemfukuza.

Ukuta wa Berlin ulipoanguka ndipo nikasoma habari za Walter Janka. Huyu ndiye aliyeongoza El Libro Libre, shirika la wakimbizi kule Mexico lililochapa riwaya hiyohiyo kwa Kijerumani. Julai 1957, Berlin Mashariki, alihukumiwa miaka mitano jela kwa tuhuma za kula njama dhidi ya dola. Kesini liliingizwa suala la kumtoa Budapest mwanafalsafa wa Hungaria, Lukács, baada ya maasi ya 1956 kuzimwa, na Janka aliandika baadaye kuwa Seghers mwenyewe ndiye aliyemjia na ombi hilo. Seghers alikuwamo ukumbini siku ya kesi, mwenyekiti wa chama cha waandishi cha Ujerumani ya Mashariki tangu 1952. Hakufungua mdomo.

Nilikaa kuandika kwamba ile ni aibu tupu, lakini kuna mama yake. Hedwig alibaki Mainz, binti akahangaika kumtafutia njia ya kutoka, na Machi 1942 bibi wa watu akapakiwa kupelekwa Piaski, Poland, asirudi. Mtu aliyefikwa na hayo huenda chama cha kikomunisti ndicho kilichokuwa ukoo wake uliobaki. Wapo wanaosema alimwendea Ulbricht, kiongozi wa Ujerumani ya Mashariki, faraghani kumwombea Janka. Hata kama ni kweli, Janka alitoka gerezani 1960.

Basi jibu langu: akimbie, arudi akitaka, ila uenyekiti asiupokee. Nasema hivi nikijua kwamba pasipo hadhi aliyopewa na dola ile, huenda mimi nisingekisoma kitabu hata kimoja cha mama huyu. Kama mnahesabu kura za "akimbie" na "abaki" tu, niwekeni kwa akimbie.