Maswali ya Wasomaji: Hereni za Plastiki Zinazobanduka

SWALI: Natengeneza hereni kwa kupiga pasi mifuko ya plastiki, nauza Makoroboi. Nyingine matabaka yanabanduka, nyingine zinatoboka pasi ikiwa bado mkononi. Nakosea wapi? – Dada wa Igoma, Mwanza

JIBU: Hayo ni matatizo mawili, dada. Kubanduka kunatokana na kuchanganya plastiki. Mfuko wa rambo ni polithini. Pakiti ya biskuti na kiroba cha dagaa kwa kawaida ni polipropilini. Hizo mbili hazishikani hata uzipige pasi mpaka jioni. Vuta kipande kwa vidole: polithini hurefuka kwanza ndipo ikatike, pakiti ya biskuti hukakamaa.

Rambo zimekuwa adimu tangu mifuko ya kubebea ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019. Omba madukani plastiki inayofunga katoni za maji. Hiyo ni polithini, ila imetengenezwa makusudi isinyae kwa joto, kwa hiyo usikate umbo la hereni kwanza. Yeyusha plastiki nzima, ikishapoa ndipo ukate.

Kutoboka ni joto kupita kiasi. Polithini laini huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi, na pasi ya mkaa huwezi kuipimia. Tumia ya umeme, anza na joto la chini, panda kidogo kidogo. Panga matabaka 6 hadi 8 yaliyokauka kabisa (tone la maji likibaki, litageuka mvuke na kuacha malengelenge), yaweke kati ya karatasi mbili za kuokea. Gazeti halifai, linaganda. Sogeza pasi bila kutua kwa sekunde 10 hadi 15, geuza, rudia. Ukiona moshi, umezidisha. Na madirisha yawe wazi muda wote. Kandamiza kwa kitu kizito mpaka ipoe, la sivyo inajikunja. Tabaka la juu liwe lisilo na maandishi, maana wino huchafua shingo ya mteja.

SWALI: Bangili zangu zinanuka samaki ingawa mifuko naifua kwa sabuni. – Msomaji wa Kirumba

JIBU: Mafuta ya samaki yameshaingia ndani ya plastiki yenyewe. Sabuni inaosha juu tu, na pasi ndiyo inayoiamsha harufu. Mifuko iliyobeba samaki au dagaa ikate utepe wa sentimita 2.5, ufume kwa kroshia kikapu cha vitunguu. Kwa vitu vya kuvaa, chukua iliyobeba sukari au nguo.