Mchambuzi wa dawa ana utafiti mwingi wa kufanya

Ndugu, umeuliza kama mkemia wa uchambuzi wa dawa ana utafiti wowote, au kazi yake ni kupima kidonge na kuandika namba tu. Utafiti upo, tena mwingi, na sehemu kubwa yake ni kusaka uchafu usioonekana. Mwaka 2018 dawa ya presha iitwayo valsartan, kutoka kwa baadhi ya watengenezaji, iliondolewa sokoni katika nchi nyingi baada ya kukutwa na NDMA, kemikali inayodhaniwa kuleta saratani. Vipimo vya kawaida vilikuwa vimeipita, maana havikutengenezwa kuitafuta. Kikomo kilichowekwa ni nanogramu 96 kwa siku. Nanogramu, yaani sehemu moja ya bilioni ya gramu! Kukiona kitu kidogo hivyo kunataka mtu abuni njia mpya ya kupima, kisha athibitishe kwamba majibu yake yanaaminika.

Hapo ndipo miaka inapokwenda. Uko mbele ya mashine ya kromatografia, ile inayotenganisha kemikali zilizochanganyika, vilele viwili, kila kimoja cha kemikali yake, vimepandana kwenye grafu, unabadilisha kidogo pH ya kiyeyushi, unarudia, unarudia tena. Siku vinapoachana, kila kimoja kikasimama peke yake, utaikumbuka siku hiyo.

Kuna pia kuiweka dawa kwenye nyuzijoto 40 na unyevu wa asilimia 75 kwa miezi 6, kuona inaharibikaje.

Kama unapenda kemia na una subira, ingia tu. Ila takwimu zisome mapema, wengi hukwama hapo.