Mwenye si mwenye shamba

SWALI: Shikamoo wakili. Babu yangu mzaa baba alikuwa mwenye wa Kiyao huku Newala, na karatasi ya Mjerumani ya kumtambua tunayo mpaka leo. Amekuja mtaalamu kutoka Dar, anasema tangu Mama Samia asimikwe uchifu, viti vyote vya jadi vinasajiliwa upya. Kila mwanaukoo atoe 150,000, tutapata cheti, kisha tutarudishiwa eneo lote alilotawala babu pamoja na mikorosho waliyopanda watu baki. Nusu ya ukoo wanasema ufalme una faida, tazama Uingereza. Nusu wanasema ni mambo ya kizamani. Mimi nimeshatoa hela. Je, cheti hicho kina nguvu mahakamani? Na wewe unaonaje, kiti kirudi au kisirudi?
Mjukuu wa mwenye, Newala

JIBU: Marahaba, mjukuu wa mwenye. Tangu msimu wa korosho ufungwe wewe ni wa nne kuniletea habari hiyo hiyo, na kila anayekuja bei imepanda. Wa kwanza alitozwa 50,000.

Sikulaumu kwa kuamini kwamba babu yako alikuwa mwenye. Huenda alikuwa kweli. Kinachonikera ni hili la kudhani kwamba mwenye alikuwa mwenye ardhi. Neno lenyewe limewachezea. Mwenye wa huku kusini alikuwa mkubwa wa ukoo uliotangulia kufika au uliokusanya watu wengi. Mgeni akija anamwendea, anaonyeshwa msitu, anafyeka, anachoma, anapanda, na shamba linakuwa la yule aliyefyeka. Mwenye anabaki na heshima yake: ruhusa ya jando inatoka kwake, tambiko linaanzia kwake, ugomvi wa mipaka unaishia barazani kwake. Mkuu wa wilaya naye anatawala wilaya nzima, lakini akistaafu wanawe hawaji kudai kwamba Newala ni urithi wao. Huyo mtaalamu wenu anajua tofauti ya kutawala na kumiliki. Anategemea nyinyi msiijue.

Halafu hiyo karatasi. Mmoja wa wale watatu waliokutangulia alikuja ofisini kwangu hapa Mtwara na kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko kipande cha kaniki, ndani ya kaniki karatasi. Kabla ya kuifungua aliomba maji akanawa mikono. Nikavaa miwani. Ilikuwa risiti ya kodi ya kichwa ya enzi za Mwingereza, shilingi zimeandikwa kwa wino, mhuri umefifia umekuwa kama doa la chai. Ukoo mzima ulikuwa ukiitunza kama msahafu. Nilimrudishia taratibu, maana huwezi kumcheka mtu aliyemshika babu yake mkononi.

Yako huenda ni ya Mjerumani kweli. Tafuta anayesoma maandishi yao ya zamani akusomee kilichoandikwa humo, usisomewe na anayekudai hela. Mjerumani alitawala huku kwa maakida, wasimamizi wa maeneo, na majumbe, wakuu wa vijiji waliokuwa chini yao. Jumbe kazi yake ilikuwa kukusanya kodi na kutoa watu wa kazi za serikali, kwa hiyo barua ya kumweka ujumbe ni barua ya ajira. Waliokataa ajira hiyo hawakuachiwa karatasi yoyote. Machemba wa Luagala, mwenye wa Kiyao, hapo hapo kwenye uwanda wenu, aliandika barua kwa Kiswahili mwaka 1890 kumjibu Mjerumani kwamba haendi kumtii, akapigana naye kwa miaka, na mwaka 1899 akavuka Ruvuma kwenda Msumbiji. Hassan bin Omari Makunganya, naye aliyempinga Mjerumani, alinyongwa Kilwa mwaka 1895. Tukifanya cheti cha mkoloni ndicho kipimo, hao wawili wanaanguka, anayepita ni mpokea kodi.

Mwingereza naye alikuwa na yake. Gavana Donald Cameron alifika mwaka 1925 akitokea Nigeria, na mwaka uliofuata ikatoka sheria ya kutawala kupitia wakuu wa kienyeji. Buhaya alikuta wakama, Usukuma alikuta watemi. Kwenye uwanda wa Makonde hapakuwa na mfalme mmoja wa kukabidhiwa kitu, kila kijiji kilikuwa na mkulungwa wake. Basi wakuu wakatafutwa kwa tochi, na baadaye wakawekwa maliwali, yaani watawala walioteuliwa na serikali. Baadhi ya viti mnavyoviita vya jadi vilichongwa na bwana shauri, yule mkuu wa wilaya wa Mwingereza, na mbao zake hazijazeeka kama mnavyodhani.

Sasa swali lako la mahakamani, hili halina maelezo marefu. Vyeo vya machifu vilifutwa kwa sheria mwaka 1963. Juu ya hapo, Katiba yetu, ibara ya 29, ibara ndogo ya 3 na ya 4, inasema hakuna raia mwenye haki, hadhi au cheo maalumu kwa sababu ya nasaba, jadi au urithi, na inakataza sheria yoyote kumpa raia kitu hicho. Yaani hata Bunge likitaka kesho, litaanza kwanza na Katiba. Rais Samia kusimikwa Chifu Hangaya mkoani Mwanza, Septemba 2021, ilikuwa heshima aliyopewa na machifu. Sijaona kifungu chochote kilichozaliwa siku ile. Cheti chenu kitakuwa na nguvu sawa na kadi ya mwaliko wa harusi.

Na hao "watu baki" mnaotaka kuwang'oa, umewahi kuwauliza walifikaje hapo? Wengi huku walihamishwa na Operesheni Vijiji, wakaacha mikorosho yao porini, wakagawiwa maeneo mapya wakaanza upya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 15, inathibitisha ugawaji uliofanywa kati ya 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977, hata ule ambao haukufuata utaratibu, na haki za waliokuwapo mwanzo kwenye ardhi hiyo zikakoma. Kwa asiyeguswa na kifungu hicho bado ipo Sheria ya Ukomo, inayokupa miaka 12 tu kudai ardhi. Babu yako amelala miaka mingapi? Ukimpeleka jirani mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwa hoja ya kiti, utatoka na deni la gharama za kesi.

Kuna jambo jingine ambalo nashangaa wazee wa ukoo hawajakunong'oneza. Umesema babu mzaa baba. Kwa Wayao kiti hakishuki kwa mtoto, kinakwenda kwa mpwa, mtoto wa dada, na anarithi mpaka jina. Ndiyo maana ukisoma habari za zamani za Newala unakutana na Matola baada ya Matola. Mwenye mbumba, yaani kundi la dada na watoto wao, ni mjomba. Baba yako hakuwa wa ukoo wa kiti, wewe ndiyo kabisa. Yaani mila ikirudi kwa nguvu zote mnazozilipia, anayeketi ni mjukuu wa dada wa babu yako, ambaye pengine yupo Masasi anauza vipuri vya bodaboda na hana habari. Kishoka wenu hakuuliza hili kwa sababu yeye hatafuti mrithi, anatafuta wachangiaji.

Umeniuliza pia kama kiti kinastahili kurudi, na mmeitaja Uingereza. Huo ni mjadala wa haki kabisa, ila mnaujadili kwa kipimo cha mifuko yenu. Hata sisi tuliwahi kuwa na malkia, vijana wengi hawajui: kuanzia 9 Desemba 1961 mpaka 9 Desemba 1962, mkuu wa nchi ya Tanganyika huru alikuwa Malkia Elizabeth wa Pili, na gavana mkuu wake Dar es Salaam akiwa Richard Turnbull. Mwaka mmoja ukatosha, tukawa jamhuri. Waingereza wenyewe mpaka leo wanabishana. Wako wanaosema mfalme anaunganisha nchi kwa kuwa hana chama, wako wanaosema ni gharama, na kwamba mtu hapaswi kuzaliwa mkuu wa nchi. Lakini hakuna hata mmoja kati yao anayesubiri Charles amrudishie shamba. Faida ya zile mali kubwa za taji inaingia hazina ya serikali, naye anapewa ruzuku inayopigiwa hesabu kutokana nayo. Hawezi kuamka akauza, wala kumfukuza mkulima.

Karibu zaidi, tazama Uganda. Falme zilizofutwa enzi za Obote zilirudishwa mwaka 1993. Katiba yao ya 1995 ikaweka uzio: kiongozi wa jadi haingii siasa za vyama, hana madaraka ya kiserikali, na mtu halazimishwi kumtii wala kumchangia. Hilo la kuchangia lisome mara mbili. Na ukitaka kuona kiti kinapopewa ardhi kinafanya nini, nenda KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Mwaka 1994 iliundwa amana chini ya mfalme wa Wazulu, ikakabidhiwa karibu hekta milioni 2.8. Baadaye watu waliokaa kwenye ardhi ya mababu zao wakaanza kusainishwa mikataba ya upangaji na kudaiwa kodi ya mwaka. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ikasema kitendo kile kilikuwa kinyume cha sheria. Waliodaiwa walikuwa raia wa mfalme mwenyewe, watu wa kabila lake.

Kwa hiyo mimi sina ugomvi na mwenye anayefungua jando, anayejua makaburi yamelala wapi na msitu upi haukatwi. Aendelee, tena apewe kiti cha mbele kwenye shughuli. Hahitaji cheti kwa hilo, na hakuna aliyemzuia tangu 1963. Nina ugomvi na mhuri. Vishoka hawa wana bidhaa nyingi, uchifu ni toleo jipya tu. Kabla ya hapo waliuza ramani za hazina ya Mjerumani, mtu anachimba chini ya mbuyu usiku kutafuta rupia mpaka ukuta wa jirani unaanguka. Rais wa Ujerumani alipoomba msamaha Songea, Novemba 2023, haukupita muda nikaanza kuletewa fomu za "fidia ya Majimaji", 20,000 kila fomu, zimepigwa chapa vizuri kuliko za halmashauri. Kazi yao ni kutazama huzuni ya watu ilipo, kisha wanaichapia fomu. Mtu ambaye babu yake alidhulumiwa kweli ndiye anayelipa haraka zaidi, na akishalipa anaona aibu kusema. Ukiona anayedai ada ya kukutambua wewe ni nani, mwombe namba ya sheria iliyoweka ada hiyo. Mwombe na risiti ya serikali yenye namba ya malipo. Utaona simu yake inavyoita ghafla.

Kama una shamba unalolilima mwenyewe, hata ekari mbili, nenda ofisi ya kijiji uulize hatimiliki ya kimila. Hiyo ndiyo karatasi ya kuweka kwenye kopo. Itapita halmashauri ya kijiji, majirani wataitwa kuonyesha mipaka, na itakuchukua muda kidogo kama upimaji haujafika kwenu.

Hela mliyokwisha toa si mchango uliopotea; aliyeichukua ametenda kosa la jinai la kujipatia fedha kwa udanganyifu. Usimpigie kumtishia, atabadilisha laini. Kusanya ujumbe wote wa miamala ya simu, andika jina lililotokea kwenye kila muamala, tarehe na kiasi, kisha nendeni polisi siku moja, wote mliotoa, hata yule shangazi anayesema amesamehe. Mkienda mmoja mmoja kila mtu ataambiwa akamalizane na ndugu yake aliyemleta huyo bwana kijijini.